Breki zilikuwa zinasaga baada ya kupita mchangani, nimepeleka gari gereji mbili na haya ndo niliyoyaona

Kwa wenye haraka nianze na jibu kabisa. Kama gari imetoka mchangani na breki zinapiga kelele, usikubali mtu akubadilishie kitu chochote kabla hajavua tairi na kukuonyesha kwa macho yako kelele inatoka wapi. Mi nimelipia pedi mpya ambazo sikuzihitaji kwa wakati ule na kelele ikabaki vilevile, ndo nikaenda gereji ya pili ambako fundi alitumia karibu dakika arobaini kusikiliza tu kabla hajagusa spana. Hii tathmini ni ya huduma ya hiyo gereji ya pili, yaani ukaguzi wa breki peke yake, ila siwezi kuieleza vizuri bila kusema kilichotokea kule kwa kwanza.

Gari yenyewe ni ya fowili ya kawaida tu, mbele ina diski (sahani ya chuma inayobanwa na pedi mbili) na nyuma ina dramu. Tulipita mchanga laini kama kilomita 12 hivi, nikiwa nimepunguza upepo wa tairi mpaka psi 18 ili isizame, na sehemu moja tukavuka mchanga uliolowa ambapo maji yalifika karibu na katikati ya rimu. Hiyo sehemu ya maji ishikilie akilini maana ndo iliyoleta mambo mengi. Jioni ile sikusikia kitu chochote. Asubuhi yake nawasha, natoa gari mita chache tu, krrrrr, chuma kinakwaruza chuma, afu nikikanyaga breki unakuja mlio mwingine mnene wa kusaga, na nikiwa kwenye foleni nikigusa pedali kidogo kuna mwingine mwembamba kama filimbi. Masikio yangu yaliisikia yote kama kelele moja, na ndivyo nilivyoenda kusema, "fundi, breki zinalia."

Gereji ya kwanza fundi aliisikia gari wakati naingia getini, basi. Hajainama, hajauliza swali hata moja. "Dada, pedi zimekwisha hizo, na diski nazo zinaelekea." Ndani ya saa moja pedi za mbele zikawa mpya, diski akasema nijipange kwa ajili ya mwezi ujao. Nikaomba nipewe zile za zamani nikazitupia kwenye buti. Natoka getini, krrrrr ileile. Nikarudi, nikaambiwa pedi mpya lazima zizoeane na diski kwanza, nizipe wiki. Sasa hilo lina ukweli ndani yake, pedi mpya kweli zinahitaji kuzoeshwa, kwahiyo nikaamini na nikaendesha siku tatu na ile kelele. Kilichoniuma zaidi kilikuja nyumbani nilipochukua rula nikapima pedi za zamani: za kushoto zote mbili zilikuwa na milimita 8, ya kulia ya upande wa nje 8, ya kulia ya upande wa ndani 5. Pedi mpya nyingi huja na kama milimita 10 mpaka 12 za ile sehemu ya kusugua na mafundi wengi wanasema badilisha zikifika 3. Kwahiyo zilikuwa bado nzima. Ila ile tofauti ya 8 na 5 sikuielewa, nikaona ni kawaida, kumbe ndo ilikuwa imebeba nusu ya jibu.

Gereji ya pili nilielekezwa na dereva mmoja anayepita mchangani kila wiki. Wanafanya breki na miguu ya gari tu, hawagusi injini. Fundi ni mtu mzima, nilimuita mzee tangu mwanzo mpaka mwisho, na kitu cha kwanza alichofanya ni kunikalisha na kuniuliza maswali, na naomba niyaandike kwa sababu hata ukienda kwa fundi mwingine yeyote ukiwa na majibu ya haya tayari umeshamsaidia nusu ya kazi. Aliuliza kelele ipo hata usipokanyaga breki au inakuja ukikanyaga tu? Inaenda kasi gari ikienda kasi? Ukikata kona ya kulia inabadilika, na ya kushoto je? Asubuhi ya baridi na mchana gari ikiwa ya moto ni ileile? Pedali inatetemeka mguuni, imekuwa laini, inashuka chini kuliko zamani? Gari inavuta upande mmoja ukishika breki? Ulipita maji, ya chumvi au ya kawaida? Baada ya maji uliendesha au uliipaki papo hapo? Hilo la mwisho ndo lilimfanya aache kuandika akaniangalia, maana jibu langu lilikuwa niliipaki papo hapo na handibreki juu.

Afu akasema tutoke nayo. Akaendesha mwenyewe, vioo vyote chini, akaenda taratibu sambamba na ukuta mrefu, kwa sababu ukuta unakurudishia sauti ya magurudumu na unasikia upande mmoja peke yake, ukigeuka unasikia upande wa pili. Sijawahi kuona mtu anafanya hivo na sasa nafanya mwenyewe kila nikisikia kitu. Bila kugusa breki, ule mkwaruzo wa chuma ulikuwa upande wa kushoto na ulikuwa unaenda na mzunguko wa tairi, gari ikipunguza nao unapunguza. Akagusa breki kidogo, mkwaruzo haukubadilika hata kidogo. "Huu sio wa pedi," akasema, "pedi ingebanwa mlio ungegeuka." Afu kwenye mwendo mdogo kabisa, sehemu tupu isiyo na gari nyingine, akavuta handibreki pole pole huku kidole kipo kwenye kile kitufe chake, na ule mlio mnene wa kusaga ukaja wenyewe bila mguu kugusa pedali. Kwenye gari yangu handibreki inashika dramu za nyuma tu. Kwahiyo kusaga kulikuwa nyuma, wakati mi nimetoka kulipia pedi za mbele.

Akakata kona ndefu kulia na kushoto kusikiliza beringi, maana beringi iliyokufa inavuma na uvumaji unaongezeka uzito wa gari ukiegemea upande wake, haikuwa hivo. Tulizunguka kama kilomita kumi, tukarudi, na kabla injini haijazimwa vizuri ameshachukua kile kipima joto cha kuelekeza kama bastola anapima diski kupitia matundu ya rimu. Mbele kushoto nyuzi joto 68. Mbele kulia 141. Akanionyesha namba bila kusema kitu. Huhitaji hicho kifaa kujua hilo lakini, ukisogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa unasikia joto la upande mmoja limezidi, ila usiguse diski yenyewe utaacha ngozi hapo.

Kwahiyo kabla hata jeki haijatoka tulikuwa tumeshajua kelele ni tatu, sehemu tatu tofauti. Hapa ndo thamani ya hii huduma ilipo kwangu mimi, maana kufungua nati anaweza yeyote.

Mbele kushoto. Nyuma ya diski huwa kuna bati jembamba la kukinga uchafu, nafasi kati ya hilo bati na diski ni ndogo sana, na kajiwe kakiingia hapo hakatoki kirahisi. Fundi alianza na njia ya bure, akarudisha rivasi na kushika breki, mara tatu, maana mara nyingi kajiwe kanaanguka kenyewe diski ikizunguka kinyume. Hakakutoka. Akavua tairi, akachukua bisibisi bapa akalisukuma bati nje kidogo tu, likadondoka jiwe la ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Huwezi kuamini kelele yote ile ya kutisha imetoka kwenye kitu kile. Kwenye ukingo wa diski kulikuwa na mduara mmoja unang'aa kama umechorwa kwa kalamu. Akapitisha ukucha wake juu ya huo mduara taratibu, akanishika mkono nikapitisha na mimi: ukucha ukikwama mfereji ni wa kina, ukiteleza ni mchoro tu. Uliteleza. Afu akapima unene wa diski kwa maikromita sehemu kadhaa kuzunguka, akanionyesha namba iliyogongwa kwenye diski yenyewe ambayo ndo mwisho wake wa kutumika, kwangu ni milimita 23, na vipimo vyote vilikuwa 24 na nusu kwenda juu. Zile diski nilizoambiwa "zinaelekea" zina safari ndefu bado.

Mbele kulia ndo palinifundisha zaidi. Mzee aliuliza zile pedi za zamani unazo? Nikazitoa kwenye buti. Akaziweka mbili za kulia pembeni kwa pembeni, akacheka kidogo akasema hii hapa imekuwa inafanya kazi ya wawili. Kalipa, yaani kile kibanio cha pedi, kwenye gari yangu ni ile ya kuteleza, ina pistoni upande wa ndani peke yake, ukikanyaga breki pistoni inasukuma pedi ya ndani, afu kalipa nzima inateleza kwenye pini mbili inaivuta pedi ya nje ije nayo ibane. Pini zikikwama pedi ya ndani inabanwa peke yake, na ukiachia pedali kalipa hairudi vizuri, pedi inabaki inagusa diski, ndo ile 141. Pini ya juu aliisukuma kwa kidole ikaingia na kutoka. Ya chini ilibidi aizungushe kwa plaizi huku anavuta. Ilipotoka ilikuwa imevaa grisi nyeusi ngumu kama nta, na ndani ya hiyo nta unaona kabisa punje za mchanga, ukiisugua katikati ya vidole inakwaruza. Kale kampira kanakoziba pini kalikuwa na mpasuko mdogo ambao ungeutafuta kwa tochi.

Kwahiyo mchanga haukuanzisha ugonjwa hapo, uliukuta na kuumalizia. Pini ilikuwa imeanza kukauka miezi nyuma, mpira ukapasuka, maji yenye mchanga yakaingia, imekwisha. Na mtu aliyefungua hiyo kalipa siku tatu kabla kuweka pedi mpya aliishika hiyo pini kwa mkono wake. Alizitoa pedi moja 8 moja 5 akaona sawa tu. Hili limenikera kuliko pesa, kwa sababu kalipa iliyobana inaweza kuchemsha breki mpaka pedali ikapoteza nguvu kwenye mteremko mrefu, na mi nilikuwa nabeba watoto.

Ule mlio wa filimbi ulitokea hukohuko. Mzee anasema mlio mwembamba ni mtetemo, pedi inatetemeka kwa kasi sana dhidi ya diski, na inatetemeka kwa sababu haijakaa vizuri kwenye nafasi yake. Vile vibati vya chuma ambavyo masikio ya pedi yanateleza juu yake vilikuwa havijasafishwa, kuna kutu na mchanga chini yake, pedi mpya imelazimishwa kuingia imebana upande. Na kwa siku tatu za joto lile uso wa pedi ya ndani ulishaanza kung'aa kama kioo. Nimwambie ukweli msomaji hapa, ule mlio wa filimbi unaweza pia kuwa ni pedi zimekwisha kweli, pedi nyingi zina kibati kidogo kimewekwa makusudi kiguse diski pedi zikibaki nyembamba ili kikushtue, na kwa sikio vinafanana sana. Ndo maana yule wa kwanza angeweza kuwa sahihi. Lakini angeweza kujua pia kwa kuchungulia kwenye tundu la rimu na tochi, unene unaonekana bila kufungua kitu, japo kwa kawaida unaona ya nje tu na ya ndani ndo inayodanganya watu.

Nyuma sasa. Dramu ni chungu kilichofunikwa, kikiingiza kitu hakitoi. Diski angalau iko wazi, ikizunguka inajipangusa na kukung'uta maji, lakini mchanga uliolowa ukipenya kwenye ukingo wa dramu unakaa ndani, ukikauka unakuwa msasa. Akaweka magogo mbele ya tairi za mbele, akashusha handibreki, akapiga jeki na kuweka stendi, na dramu ya kulia ikagoma kutoka. Yenyewe ina matundu mawili yenye nyuzi, akafunga bolti mbili humo akawa anakaza hii robo, ile robo, hii robo, ile robo, mpaka ikajisukuma yenyewe nje. Hakuna nyundo. Ilipotoka mchanga ulimwagika chini, kama kiganja kizima, mwingine umeganda kwenye kona umekuwa kama tope lililokauka. Juu ya breki shuu, vile vipande vinavyotanuka kuishika dramu kwa ndani, ukiangalia kwa kuinamia mwanga unaona vidoti vidogo vinameremeta, hizo ni punje zilizozama ndani ya ile lainingi (sehemu ya kusugua ya shuu), na kila moja ilikuwa inachora mstari wake kwenye dramu. Sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida ni kwatzi, ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni 7 kati ya 10, ni mgumu kuliko chuma cha diski na dramu, kwahiyo ukiwabananisha hao wawili anayelika anajulikana.

Na ile kupaki na handibreki juu baada ya maji, aliniambia hapo ndo niliibandika. Shuu zililala usiku mzima zimebana kwenye dramu iliyolowa, kutu ikaanza, mchanga katikati. Kwenye sehemu tambarare angeshauri niweke gia na jiwe nyuma ya tairi, handibreki niiache chini mpaka zikauke. Bora zaidi ni kuendesha kidogo ukigusagusa breki zikauke zenyewe kabla ya kupaki.

Usafishaji nao nilikaa nikautazama wote. Hakupuliza vumbi na kompresa, na alimkemea kijana wake aliyeshika mpira wa upepo, maana vumbi la breki ni laini linaingia mapafuni na kuna lainingi za zamani zilikuwa na asbesto ndani. Dramu na shuu aliziosha kwa maji ya sabuni na brashi laini, beseni chini, zikakaushwa. Shuu akazipitisha msasa kidogo kutoa zile punje na kulainisha uso, akainua kingo za vimpira vya ile silinda ndogo ya ndani kuangalia kama kuna unyevu wa mafuta ya breki, pakavu. Kalipa wakati imefunguliwa aliining'iniza kwa waya kwenye springi, haikuachwa inaning'inia na mpira wake wa mafuta. Kitu kidogo lakini mpira huo ukivutwa na uzito unaweza kuharibika ndani na nje usione kitu.

Kwenye diski, vibati na pini alitumia spre ya kusafishia breki, ile ya kopo. Kwa kuwa na mimi nimenunua kopo baada ya pale niiseme hapahapa. Ni nzuri, inaondoa mafuta na vumbi na inakauka yenyewe bila kuacha utando, na ndo jambo unalolitaka maana kitu chochote chenye mafuta kikibaki kwenye diski umeharibu pedi. Ubaya wake inaisha haraka mno, magurudumu mawili kopo limekwenda, harufu ni kali lazima uwe nje au mlango wazi, ikidondokea rangi ya gari inaila, na usiipulize kwenye diski ya moto kabisa. Kuna watu wanaoshea breki kwa petroli au dizeli kwa sababu ipo karibu, mzee alikataa kata kata, inaacha mafuta na inakula mipira.

Grisi ndo nataka watu walisikie vizuri. Pini zinapakwa grisi ya silikoni maalum ya breki, nyepesi, sio ile ya beringi iliyopo kila gereji kwenye ndoo. Grisi ya kawaida inatengenezwa kwa mafuta yanayotokana na mafuta ghafi na mipira ya breki inavimba ikikutana nayo, mpira ukivimba unaishika pini, unarudi palepale ulipotoka. Alinionyesha kampira ka zamani kalikovimba kwenye gari ya mtu mwingine kamekuwa kakubwa kanateleza hakakai. Pini yangu ikasafishwa mpaka ikang'aa, kampira kapya, grisi kidogo, ikasukumwa na kidole ikaenda yenyewe kama inaelea. Zile pedi mpya hazikutupwa, alizisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka ule ung'ao ukaisha. Angeweza kuniuzia nyingine na ningenunua bila kuuliza.

Jambo jingine alilogundua bila mi kumwambia, usukani ulikuwa unatetemeka kuanzia 80 na nikadhani diski zimepinda. Ndani ya rimu ya mbele, upande usioonekana, kulikuwa na bonge la mchanga limekauka na kugandia. Rimu haina uwiano tena, lazima itetemeke. Akalikwangua na kijiti. Mtetemo umekwisha. Kama wako upo muda wote hata bila kushika breki angalia hapo kwanza, ule wa diski kwa kawaida unauona ukishika breki.

Mwisho nati zilikazwa kwa kurukia upande wa pili sio kwa kuzunguka, na spana ya kupimia nguvu, akaniambia nizipitie tena baada ya kilomita mia. Afu tukatoka kuzoesha pedi, kama mara kumi kutoka 50 mpaka 15 hivi bila kusimama kabisa, mkanyago wa wastani, na kuziacha zipumue katikati. Kimya. Nilifungua kioo karibu na ule ukuta nikasikia tairi tu zinapita juu ya lami.

Sasa mapungufu maana yapo. Ni wataratibu. Niliingia asubuhi nikatoka jua linazama, na sio kwamba kulikuwa na foleni, mzee anafanya gari moja kwa wakati na haachi mtu mwingine afunge breki aliyoifungua yeye. Kama unahitaji gari siku hiyohiyo kwa kazi panga vingine. Hawapigi simu, inabidi ukae au upige wewe. Na maelezo yote unapewa kwa mdomo, karatasi niliyopewa imeandikwa "breki, huduma" tu, vipimo vya diski niliviandika mwenyewe kwenye simu. Kwa kazi ya kiwango kile wangeandika unene wa kila pedi na tarehe, ingemsaidia mteja safari ijayo na ingewasaidia wao pia. Nimemwambia, amesema atafikiria. Nawapa nyota nne na nusu, ile nusu wataipata siku nikipewa karatasi yenye vipimo.

Imepita wiki ya sita. Nimeshapita mchangani tena mara mbili, na sasa nikitoka natembea na gari taratibu mpaka breki zipoe ndo naosha, maji ya kawaida kwa mpira, kutoka upande wa ndani wa gurudumu kwenda nje ili mchanga utoke ulipoingilia, nyuma nakaa muda mrefu zaidi mpaka maji yanayotoka kwenye dramu yawe safi. Sipigi maji ya baridi kwenye diski ya moto, inaweza kupinda au kupasuka. Kama maji yalikuwa ya chumvi naosha siku hiyohiyo hata iwe usiku. Mara ya pili kulikuwa na kakwaruzo tena mbele, nikarudi rivasi mita chache nashika breki, tik, kakadondoka, nikashuka nikakaokota.

Kilichobaki ni handibreki, inapanda meno mawili zaidi ya zamani tangu shuu zisafishwe. Mzee alisema waya unahitaji kukazwa kidogo shuu zikishajikalia vizuri, nimepangiwa Jumamosi, nitaenda mapema kabla hajaanza gari nyingine.